Watoto wa Ikweta na barafu ya ncha za dunia: jinsi ya kuanzisha klabu ya sayansi baada ya masomo Kaloleni

Mchuuzi anayenunua ngege au mbuta asubuhi ufuoni Dunga hutafuta barafu mara tu baada ya kulipia samaki. Bila barafu, samaki huyo hafiki sokoni Kibuye akiwa na macho angavu. Watoto wa Kaloleni wameiona barafu hiyo ikivunjwa, ikimwagwa juu ya samaki na kuyeyuka kando ya barabara. Wanajua huja ikiwa ngumu na huondoka ikiwa maji. Lakini ukimuuliza mtoto huyo barafu iliyoko Ncha ya Kusini inamhusu nini, huenda akacheka. Iko mbali mno, atasema, na sisi tuko Ikweta.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mzazi, mlezi, mwalimu na kiongozi wa vijana anayetaka kumpa mtoto huyo jibu. Inaeleza sayansi ya ncha za dunia ni nini, inahusiana vipi na Kisumu, na jinsi klabu ya jioni inavyoweza kuifundisha kwa wiki sita kwa kutumia vitu vinavyopatikana nyumbani, dukani na kwa mchuuzi wa samaki.

NCHA ZA DUNIA ZIKOJE?

Dunia ina ncha mbili, na hazifanani. Ncha ya Kaskazini iko katikati ya bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Barafu ya huko, eneo liitwalo Aktiki, kwa sehemu kubwa ni maji ya bahari yaliyoganda na kuelea. Ncha ya Kusini iko juu ya bara, Antaktika, lililozungukwa na bahari. Bara hilo lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 14, na karibu lote limefunikwa na barafu ambayo mahali pengine ina unene wa zaidi ya kilomita 3.

Baridi ya huko si ya kawaida. Tarehe 21 Julai 1983, kituo cha utafiti cha Vostok huko Antaktika kilipima nyuzi 89.2 chini ya sufuri. Jua nalo lina desturi yake: kwenye ncha yenyewe huchomoza mara moja kwa mwaka na kutua mara moja, hivyo mchana huchukua takriban miezi sita na usiku vivyo hivyo.

Mtoto wa Kisumu anaweza kuishuhudia tofauti hiyo kwa macho yake. Tarehe 20 au 21 Machi, jua la Ikweta husimama juu ya utosi. Kisumu, hilo hutokea karibu saa saba kasorobo mchana, na kivuli cha mti ulionyooka hupungua hadi karibu kutoweka. Siku hizo hizo jua linachomoza Ncha ya Kaskazini baada ya usiku mrefu, na linatua Ncha ya Kusini. Aliyewahi kusimama penye alama ya Ikweta Maseno, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, ana mahali pazuri pa kuanzia hadithi hii.

INATUHUSU NINI?

Kwanza tuondoe kosa moja. Mwezi wa Mei 2020, Ziwa Viktoria lilipanda hadi kimo kilichovunja rekodi iliyowekwa mwaka 1964. Maji yaliingia mashambani na majumbani, na familia nyingi za ufuoni zililazimika kuhama. Baadhi ya watu walidhani ni barafu ya ncha za dunia iliyoyeyuka na kutufikia. Haiwezekani. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hayapandi mlima. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida, mvua kubwa zikanyesha Afrika Mashariki, na ziwa likajaa.

Uhusiano wa kweli kati yetu na barafu hiyo ni wa aina tatu.

Wa kwanza ni joto. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua unaoiangukia. Maji ya bahari yaliyo wazi hufanya kinyume: humeza zaidi ya asilimia 90. Barafu ikipungua, dunia hupoteza kioo chake na kumeza joto zaidi. Hewa yenye joto nayo hubeba mvuke mwingi, takriban asilimia 7 zaidi kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, na mvuke huo hurudi chini kama mvua nzito. Hatuwezi kunyooshea kidole mvua moja na kusema imeletwa na barafu ya Aktiki. Tunachoweza kusema ni kwamba barafu ikipungua, mizani ya hali ya hewa ya dunia nzima, ikiwemo yetu, hubadilika.

Wa pili ni bahari. Barafu ya Greenland pekee, ikiyeyuka yote, itapandisha bahari kwa takriban mita 7. Jambo hilo lingechukua karne nyingi, lakini hata sentimita chache huhesabika kwa miji ya pwani. Kisumu haitafunikwa na bahari, ila mafuta ya magari, ngano na mbolea tunavyotumia hupitia bandari ya Mombasa. Linaloipata Mombasa hutufikia katika bei.

Wa tatu ni kumbukumbu. Theluji ya Antaktika huanguka juu ya theluji ya jana, hujikandamiza na kuwa barafu, huku ikinasa viputo vidogo vya hewa. Wanasayansi huitoboa na kutoa nguzo ndefu za barafu. Katika kituo kiitwacho Dome C walichimba zaidi ya kilomita 3 na kupata rekodi ya miaka 800,000. Viputo hivyo vinaonyesha kwamba katika muda huo wote, kabla ya enzi ya viwanda, gesi ya kaboni dioksidi haikuzidi sehemu 300 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Leo imepita 420.

Ziwa letu nalo lina kumbukumbu kama hiyo, katika matope yake. Watafiti waliotoboa sakafu ya Ziwa Viktoria walikuta, chini ya matope laini, udongo uliokauka wa nchi kavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba ziwa lilikuwa limekauka mwishoni mwa enzi ya barafu, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Wakati ule barafu ilifunika sehemu kubwa ya kaskazini mwa dunia, bahari zilikuwa baridi zaidi, na mvua za Afrika Mashariki zilikuwa haba. Barafu ilipopungua na mvua kurejea, ziwa lilijaa tena. Basi mtoto anayeuliza barafu ya mbali inamhusu nini anaweza kujibiwa hivi: palikuwa na wakati barafu ilikuwa nyingi, na ziwa unaloliona halikuwepo.

BARAFU YETU WENYEWE INAISHA

Si lazima mtoto afikirie Antaktika tu. Mlima Kenya uko karibu kabisa na Ikweta na una barafu ya kudumu. Sehemu kubwa iliyobaki huitwa Lewis. Imepimwa kwa miaka mingi: ramani yake ilichorwa mwaka 1934, na ikapimwa tena katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia wa 1957 hadi 1958, kipindi kile kile ambacho mataifa 12 yalifanya utafiti mkubwa wa pamoja Antaktika. Kati ya 1934 na 2010, barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake.

Mwaka 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilieleza kwamba barafu ya milima ya Afrika Mashariki, yaani Mlima Kenya, Kilimanjaro na Rwenzori, inaweza kutoweka kabisa kufikia miaka ya 2040, na kwamba ile ya Mlima Kenya huenda ikatangulia kwa muongo mmoja. Mtoto aliye Gredi ya Nne leo huenda akamaliza sekondari barafu hiyo ikiwa imebaki kwenye picha. Kizazi hiki kinaweza kuwa cha mwisho kuiona, na kingefaa kujua kinachokiona.

WIKI SITA ZA KLABU

Klabu nzuri haihitaji maabara. Inahitaji mtu mzima mmoja au wawili, watoto wasiozidi 20 kwa kila mtu mzima, kivuli au ukumbi, na saa moja kuanzia saa kumi jioni. Majaribio yanayotumia jua yaanze mapema, au yafanywe Jumamosi asubuhi. Huu ni mpango mmoja unaoweza kufuatwa.

Wiki ya kwanza: mpira na tochi. Chora mstari wa Ikweta katikati ya mpira kwa chaki na uweke alama ya Kisumu juu yake. Ingieni chumba chenye giza na mmulike mpira kwa tochi ya simu. Penye Ikweta mwanga hupiga moja kwa moja na kufanya duara dogo linalong'aa. Kwenye ncha, mwanga ule ule hupiga kwa mshazari, hutawanyika na kufifia. Waulize watoto wapi ni baridi na kwa nini, kabla ya kuwaambia.

Siku hiyo hiyo anza kazi ya muda mrefu. Mimina maji kidogo katika kikombe cha plastiki na uombe nafasi katika friza ya jirani au mwenye duka. Kila wiki ongeza tabaka moja la maji baridi: moja lenye jivu, moja lenye udongo mwekundu, moja lenye majani chai. Usiwaambie watoto ni lini umeweka nini.

Wiki ya pili: barafu inayoelea na barafu ya nchi kavu. Chukua mabakuli mawili yanayofanana. Katika la kwanza, elesha vipande vya barafu majini. Katika la pili, weka jiwe lililotokeza juu ya maji, kisha uweke juu yake vipande vya barafu vya kiasi kile kile. Tia alama ya kimo cha maji katika kila bakuli. Barafu ikishayeyuka, maji ya bakuli la kwanza yatakuwa palepale, ila ya pili yatakuwa yamepanda. Hii ndiyo tofauti kati ya barafu ya bahari ya Aktiki na barafu iliyo juu ya ardhi ya Greenland na Antaktika. Watu wazima wengi hukosea hapa, kwa hiyo walio karibu nao wakaribishwe kubahatisha.

Wiki ya tatu: nyeupe na nyeusi. Funga vipande viwili sawa vya barafu, kimoja kwa kitambaa cheupe na kingine kwa cheusi cha unene ule ule. Viweke juani. Watoto wapime kipi kinaisha kwanza. Ndipo uwaeleze habari ya theluji inayorudisha mwanga na bahari inayoumeza.

Wiki ya nne: koti la mafuta. Pengwini, sili na nyangumi hujikinga na baridi kwa tabaka la mafuta chini ya ngozi. Tia mafuta ya kupikia yaliyoganda kati ya mifuko miwili ya plastiki isiyovuja, ili mkono uingie katika mfuko wa ndani bila kugusa mafuta. Mtoto aingize mkono mmoja humo na mwingine katika mfuko mtupu, kisha aitumbukize yote miwili katika beseni la maji ya barafu kwa sekunde chache. Hatahitaji kuelezwa zaidi.

Wiki ya tano: kusoma tabaka. Toa kile kikombe katika friza, uichomoe barafu, na uwape watoto waisome kuanzia chini kwenda juu. Lipi ni tabaka la zamani zaidi? Mwaka gani palikuwa na moto? Mwaka gani palikuwa na vumbi? Hivi ndivyo wanasayansi wanavyosoma nguzo za Antaktika. Ndivyo pia timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ilivyosoma nguzo sita ilizotoa Kilimanjaro mwaka 2000.

Wiki ya sita: kumbukumbu ya wazee. Waalike wakazi wanaokumbuka mvua kubwa za 1961, ambazo zilifuatwa na kupanda kwa ziwa hadi 1964, na wengine walioguswa na mafuriko ya 2020. Watoto waulize maji yalifika wapi, watu walihamia wapi, na samaki walikuwaje, kisha waandike majibu kwa tarehe. Rekodi hiyo ibaki na klabu. Kikundi kijacho kitaongeza tabaka lake juu yake.

Katika wiki zote, klabu iwe na kipima mvua: chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, iliyokatwa juu na kuwekwa mahali pa wazi, ikipimwa kwa rula kila asubuhi. Vipimo hivyo vinaweza kulinganishwa na taarifa zinazotolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya.

LUGHA

Tumia lugha ambayo mtoto anaielewa. Kwa Dholuo mvua ya mawe huitwa pe, na mtoto mwenye jamaa Kericho au Nandi huenda ameiona ikiwa nyeupe juu ya majani chai. Anzia hapo. Mtoto aeleze alichoona kwa Dholuo, Kiswahili au Kiingereza. La muhimu ni kwamba ameangalia, amepima, na anaweza kusema kwa nini anaamini anachokisema.

USALAMA NA RUHUSA

Mtoto asiangalie jua moja kwa moja, kivuli kinatosha. Asishike barafu kwa muda mrefu, na kamwe asichanganye barafu na chumvi kisha kuiweka juu ya ngozi, kwani mchanganyiko huo huunguza. Barafu iliyogusa samaki isiliwe. Watoto wadogo wawe nyumbani kabla ya giza, na kila mtoto awe na ruhusa ya mzazi.

Shule za msingi na za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kwa hiyo anayetaka kutumia darasa au uwanja wa shule azungumze na mwalimu mkuu. Serikali ya Kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi stadi. Kwa kumbi na maeneo ya umma yaliyo chini ya kaunti, mkazi aanzie kwa msimamizi wa wadi. Kwa Kaloleni, hiyo ni Wadi ya Shaurimoyo Kaloleni. Klabu isigeuzwe kuwa tuisheni. Haina mtihani, na mtoto asiye na pesa asifungiwe nje.

MASWALI AMBAYO MTOTO ANAWEZA KUULIZA

Je, dubu mweupe hula pengwini? Hapana. Dubu weupe wanaishi kaskazini, na pengwini wa Antaktika wako upande wa pili wa dunia. Hawakutani.

Antaktika ni ya nani? Nchi saba zimewahi kudai sehemu zake, lakini madai hayo yaliwekwa kando na mkataba uliotiwa saini tarehe 1 Desemba 1959 na mataifa 12, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Mkataba huo unataka bara hilo litumiwe kwa amani na kwa sayansi.

Kuna watu huko? Antaktika haina wenyeji. Wanaokaa huko huja kwa kazi: wanasayansi, na pamoja nao wapishi, mafundi wa mitambo, madaktari na marubani. Aktiki ina wenyeji wa tangu zamani, kama Wainuiti.

Je, fulu walitoka wapi ikiwa ziwa lilikauka? Hilo ni swali ambalo wanasayansi bado wanalifanyia kazi. Mamia ya aina za fulu wa Ziwa Viktoria wanaonekana kuwa wametokea baada ya ziwa kujaa tena, muda mfupi sana kwa hesabu za maumbile. Mtoto akiuliza hivyo, klabu imefanikiwa.

PA KUANZIA

Tangu mwaka 2025, Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 21 Machi kuwa Siku ya Barafu ya Milima Duniani. Kwa Kisumu, ni tarehe ile ile ambapo kivuli hutupotea mchana. Klabu inayotaka siku ya kufungua mlango haina haja ya kutafuta nyingine: kusanyeni watoto kabla ya saa saba mchana, simikeni kijiti uwanjani, na mtume mmoja akanunue barafu kwa mchuuzi wa samaki.